Nyumba ya Kina Pettway

Jioni ukipita mtaa wa Tansill, mjini Baltimore, katika miaka ile watu walipokuwa wameuhama, uliona madirisha mawili tu yenye mwanga. La kwanza lilikuwa la Ardelia Gaskins, mjane aliyestaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali. La pili lilikuwa la nyumba iliyopakana na yake, juu ghorofani, na katika nyumba hiyo hakuishi mtu.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Verdell Pettway, shoga yake Ardelia wa tangu usichana. Verdell alikuwa na binti mmoja tu, Renita. Jumamosi moja ya Aprili Renita alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, kichwa kati ya magoti ya Ardelia, anasukwa. Alikuwa na miaka kumi na saba. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha, nusu bado, Verdell akapaza sauti kutoka jikoni kwamba hakuna mkate.

"Naenda mara moja," Renita akasema, akijifunga kitambaa. "Mama mdogo, kitana usikiweke mbali. Narudi tumalizie."

Akakata kona. Tangu siku hiyo hakuonekana tena, si mzima wala maiti.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaenda zao. Walimkamata mchumba wake, kijana Lamont Sturgis, aliyekuwa akiuza matunda mitaani kwa mkokoteni wa farasi. Wakamweka ndani, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Mtaa haukumwachia. Akipita na farasi wake milango ilifungwa, na watu waliozoea kununua kwake pichi na matikiti wakaona heri wakae bila matunda. Verdell alimsimamisha mbele za watu akamwambia, "Nionyeshe ulipomweka. Sitakuuliza jambo jingine." Kijana akalia tu. Ardelia alikuwepo. Aliyaona yale machozi, akasema moyoni kwamba hata muuaji ana macho. Haukupita muda mrefu, kengele za mkokoteni ule hazikusikika tena Tansill.

Ndipo Verdell alipoweka taa ya mezani kwenye dirisha la chumba cha binti yake.

"Nyumba zetu zote sura moja," alisema. "Akirudi gizani asije akaupita mlango."

Alikataa kupaka mlango rangi. Alikataa kubadilisha mapazia hata yalipochakaa yakawa kama wavu. "Nikigusa kitu, hataijua nyumba," alisema kila aliposhauriwa. Watu walimhurumia, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumkwepa, maana huzuni isiyo na kaburi huwachosha hata wale wanaokupenda. Ardelia hakumkwepa. Alikuwa na sababu yake: vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vya mwisho kukigusa kichwa cha yule binti.

Miaka ikaenda. Verdell akaugua, dada yake akaja kumchukua kumpeleka kwao Carolina Kusini. Siku ya kuondoka alimpa Ardelia ufunguo.

"Usiniahidi kama hutaweza."

"Nitaweza," Ardelia akasema.

Umeme wa Verdell ulikatwa mwezi uleule. Roscoe, mumewe Ardelia, akatoboa tundu kwenye ukuta wa pamoja, sebuleni, kando ya kabati, akapenyeza waya mpaka kwenye taa. Tangu hapo taa ya kina Pettway ikawa inakula umeme wa kina Gaskins. Verdell alifia huko kusini, akazikwa huko. Roscoe naye akafa. Wenye taa walikuwa wamekwisha, lakini ahadi haikuwa imekwisha.

Mtaa nao ulikuwa unakufa pole pole. Viwanda vilifungwa, vijana wakatafuta maisha kwingine, wazee wakazikwa. Nyumba iliyobaki tupu ilizibwa madirisha kwa mbao, kisha wezi wakaja kung'oa mabomba ya shaba, kisha paa likabonyea. Wenyeji waliacha kusugua ngazi zao za marumaru, kwa kuwa hakukuwa na wenyeji. Ardelia alisugua zake, akasugua na za Verdell.

Nyayo alizisikia mara ya kwanza jioni moja ya baridi, akichemsha sukuma wiki na mfupa wa nguruwe. Upande wa pili wa ukuta mtu alipanda ngazi taratibu, akavuka chumba, akasimama. Ardelia alizima jiko, akasikiliza. Baada ya siku kadhaa zikaja tena. Hazikuwa nyayo za mwizi. Mwizi ana haraka, na hubomoa. Hizi zilipanda, zikatulia muda mrefu, kisha zikashuka.

Kwenda kutazama hakuweza. Magoti yake yalikuwa yameshakataa ngazi, hata kitanda chake alikuwa amekihamishia sebuleni. Kuwaita polisi hakutaka. Watamkuta nani? Akaamua kusema na ukuta.

"Renita," aliita, akiona haya kama mtu anayejisemesha sokoni. "Mwanangu, ni wewe?"

Upande wa pili ukanyamaza, lakini kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza.

Toka siku ile ikawa desturi. Akisikia nyayo husogea ukutani akasema mawili matatu: nani amekufa, nani ameolewa, mchungaji mpya anahubiri mpaka nyama zinaungua majumbani. Siku nyingine alisema, "Mama yako alikungoja mpaka mwisho, usidhani alikuacha." Hakujibiwa hata mara moja, naye hakuogopa kutojibiwa. Kilichomtia baridi mgongoni ni jambo jingine. Siku moja, akitoka kanisani, aliinua macho kwenye lile dirisha akakumbuka kwamba tangu magoti yamharibikie yeye hajabadilisha balbu. Na hakuna balbu inayowaka miaka yote hiyo. Alisimama barabarani na Biblia yake kwapani mpaka dereva mmoja akampigia honi.

Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani jambo kama lile bila wanao kuitwa wakupeleke kwa daktari? Na yeye hakuwa na wana.

Lakini Ardelia hakuwa mtu wa kukaa ndani na mizimu. Moto ulipozuka katika nyumba tupu moja nusura ulichome kanisa, makanisa ya eneo lile yalikutana yakaanzisha mfuko. Makanisa yakatoa, benki moja ikabanwa mpaka ikatoa, matajiri wenye kupenda sifa wakatoa, na wakazi wenyewe wakanunua hisa ndogo ndogo. Kazi ya mfuko ilikuwa kununua nyumba zilizokufa, kuzifufua, na kuziuza au kuzipangisha kwa bei ambayo mtu wa pale anaimudu. Ardelia alizunguka mlango kwa mlango kuwashawishi watu. Alikuwa ameona mitaa mingine ambako wawekezaji walikuja na mabango mazuri, na mwisho wenyeji wakabaki kutazama maua ya wageni kwa mbali. Akachaguliwa katika kamati ya wakazi, na katika kamati hiyo hakuna aliyesema zaidi yake.

Siku ya uamuzi, Janelle Fountain, binti aliyeajiriwa kuusimamia mfuko, alitandaza ramani juu ya meza katika ukumbi wa kanisa.

"Bi Ardelia, furahi. Safu yenu ndiyo ya kwanza."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema sasa Ardelia atapata majirani wa kuwanunia.

"Ila zinashikana ukuta kwa ukuta," Janelle akaendelea. "Hatuwezi kutengeneza nne tukairuka moja. Ni zote au basi. Zile zilizochukuliwa na jiji kwa kodi isiyolipwa tumeshapewa, pamoja na ile ya kina Pettway. Zinabomolewa ndani yote, zinajengwa upya. Wanaoafiki?"

Mkono wa Ardelia uliinuka pamoja na mikono mingine. Kwa miaka alikuwa ameiombea siku ile. Angesema nini? Kwamba waiache nyumba moja ioze kwa ajili ya msichana ambaye angekuwa mwanamke wa makamo sasa, kama yu hai? Moyo ulibaki chini, mkono ukakaa juu.

Jioni ile nyayo zilipopanda, alienda ukutani.

"Mafundi wanakuja," alisema. "Mimi mwenyewe nimeinua mkono. Kama una la kusema, Renita, sema kabla hawajafika."

Nyayo zilisogea mpaka karibu kabisa na ukuta, zikasimama. Ardelia aliweka kiganja kwenye karatasi ya ukutani.

Mafundi wakaja asubuhi ya Jumatatu. Haikuchukua saa nzima, msimamizi wao, Bwana Harcum, akagonga mlango wa Ardelia akiwa na kofia mkononi.

"Bi Ardelia, una ndugu upande ule?"

"Kwa nini?"

"Kuna mtu juu. Hataki ugomvi, lakini hataki kutoka mpaka aseme na wewe."

Ardelia akavaa viatu. Ngazi zile za Verdell alizipanda akishika bega la Harcum, akipumzika kila hatua, machozi yakimtoka kwa maumivu na kwa jambo jingine. Alikuwa anapanda akiamini anakwenda kumwona Renita. Alikuwa ameshapanga atakachosema: kwamba kitana hakukiweka mbali.

Chumbani, kando ya taa, alikuwa amekaa mwanaume mwenye mvi, koti kubwa mwilini, mikono mapajani kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Miguuni pake palikuwa na boksi la balbu.

"Shikamoo, Bi Ardelia," akasema, na sauti ndiyo iliyomtambulisha.

"Lamont."

"Ndiye mimi."

Harcum alimsogezea Ardelia ndoo iliyopinduliwa, naye bibi akaikalia.

"Balbu ni wewe?"

"Ni mimi. Siku moja nilipita nikakuta giza huku juu. Nikasema basi, Bi Ardelia naye amekufa. Kumbe kwako kunawaka. Nikajua ni balbu tu."

"Umekuwa unaingilia wapi?"

"Dirisha la nyuma." Akacheka kidogo puani. "Njia ya zamani hiyo. Marehemu Bi Verdell akidhani binti yake amelala."

Ardelia hakucheka. "Na mimi huku nikisema na wewe. Nakuita Renita."

"Nilikuwa nasikia."

"Mbona hukujibu?"

"Ningejibu, ungejua siye yeye."

Maneno yale yalimwingia. Akatazama pazia, akatazama kitanda kilichotandikwa vizuri, shuka limebadilika rangi kwa miaka, hakuna aliyelikalia.

"Ungegonga kwangu hata mara moja, Lamont."

"Ungenifungulia?"

Harcum akajitia kukagua dari. Jibu Ardelia alilijua, na Lamont pia.

"Nitakuuliza kitu kimoja tu," akasema mwisho. "Tumezeeka, hakuna polisi hapa. Unajua alipo?"

Lamont alimtazama bila hasira. "Ningekuwa najua, Bi Ardelia, huku ningekuwa nafuata nini?"

Ardelia akashusha kichwa. Miaka yote alikuwa amesikitikia mama mmoja na binti mmoja. Hakuwahi kumhesabu huyu.

Janelle aliposikia habari alikuja na wasiwasi. Mtu aliyekutwa ndani ya jengo bila ruhusa, tena mwenye jina la namna ile, mfuko ungesemwa vipi? Ardelia alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mwanangu, tulikubaliana kazi za ujenzi zianze na watu wa mtaa."

"Ndiyo, Bi Ardelia, lakini—"

"Huyu ni mtu wa mtaa. Hakuhama. Tulimfukuza."

Lamont akaajiriwa. Alibeba kifusi, akachanganya mota ya saruji, na zamu ilipofika ya kile chumba aliomba akibomoe yeye. Wenzake walimwachia. Alikunja pazia, akachomoa taa, akalivuta dirisha la zamani na fremu yake kwa uangalifu kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Kisha akashuka sebuleni, akalijaza tundu la Roscoe mota kwa kidole. Ardelia, upande wake wa ukuta, aliona ile nuru ndogo ya tundu ikizibwa, akakaa kitako.

Kazi ilikwisha kabla ya theluji ya mwaka uliofuata. Safu nzima ikasimama imenyooka, milango imepakwa buluu, madirisha mapana, ngazi mpya za zege mahali ambapo marumaru yalikuwa yamevunjika. Watu walikuja kupiga picha. Nyumba ya kina Pettway alipewa Shavonne Mabry, dereva wa basi, na watoto wake wawili, waliotoka mtaa wa tatu tu kutoka pale. Ardelia aliwapelekea pai ya viazi vitamu. Sasa nyayo alizisikia kutwa: za watoto, wanakimbia, wanaanguka, wanachapwa. Alikuwa na furaha, na hakuna aliyemsikia akisema vinginevyo. Hata hivyo kila zikipanda ngazi taratibu aliacha alichokuwa akifanya.

Jumapili moja ya Oktoba, aliporudi kanisani, alimkuta Shavonne amekaa nje anamenya karanga.

"Bi Ardelia, kulikuwa na mama mmoja hapa asubuhi. Nadhani alipotea."

"Mama gani?"

"Simjui. Mtu mzima, mwembamba, kofia ya sufu mpaka machoni. Alisimama kule ng'ambo muda mrefu anatazama milango. Anatazama huu, anarudi kwenye huu. Nikamuuliza, dada, unamtafuta nani? Akasema, hizi nyumba zilikuwa hivi siku zote? Nikamwambia hapana, mpya hizi. Akauliza, hapa anakaa nani? Nikamwambia ni mimi."

Ardelia alishika chuma cha ngazi. "Akasema jina lolote?"

"Hapana. Akasema samahani, nimekosea nyumba." Shavonne aliacha kumenya. "Mbona hivyo, Bi Ardelia? Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu. Alielekea wapi?"

Shavonne alionyesha kona, ileile ya kwendea dukani.

Ardelia alikwenda na viatu vyake vya kanisani, kwa magoti yale, mpaka mwisho wa mtaa na mtaa wa pili. Aliona watu waliokula samaki wa kukaanga wakiwa wamesimama nje ya mgahawa, akaona mbwa, akaona basi linaondoka. Alimpigia simu Lamont. Siku zilizofuata wao wawili walizunguka Baltimore yote: majiko ya kanisa yanayolisha maskini, nyumba za kulala wasio na makao, kituo cha mabasi, hospitali. Walikuwa hawana picha zaidi ya ile ya msichana wa miaka kumi na saba, na kila waliyemwonyesha aliuliza, "Huyu mjukuu wenu?" Wengine walisema wamemwona mwanamke mwembamba mwenye kofia. Baltimore ina wanawake wembamba wengi wenye kofia.

"Pengine hakuwa yeye," Lamont alisema siku walipochoka, wamekaa kwenye benchi la kituo.

"Pengine."

"Unaamini?"

"Nakubali tu, Lamont. Kuamini ni kitu kingine."

Hawakumpata, wala mwanamke yule hakurudi. Shavonne, alipoelezwa, alilia sana, akataka kuupaka mlango rangi ya zamani. Ardelia akamkataza. Nyumba ni yako, alimwambia, usiwalee watoto wako kwenye kungoja. Lakini yeye mwenyewe akaanza kukaa nje kwenye ngazi, hata katika baridi, blanketi miguuni, na kila mwanamke wa makamo aliyepita alisalimiwa, jina la Renita likiwa nusu mdomoni.

Mwaka uliofuata mfuko ulipata fedha za safu nyingine, nyuma ya kanisa. Kamati ikaitwa, na safari hii walialikwa wote waliowahi kuishi kwenye nyumba zile. Ukumbi ulijaa. Janelle aliingia na ramani yake kwapani, akaanza kusukuma vikombe kando ili aitandaze.

"Ngoja kidogo," Ardelia akasema, akajiinua kwa fimbo. "Kabla hatujagusa nyumba ya mtu nataka kuuliza. Katika nyumba hizi, kuna mtu yeyote bado anangojewa?"

Watu walitazamana. Mmoja akacheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Mchungaji akakohoa. Ilionekana kana kwamba bibi wa watu amezeeka, na Janelle alikwishafungua mdomo ili amwokoe na aibu.

Ndipo kule nyuma, karibu na birika la kahawa, mzee mmoja mwenye suti iliyompwaya akainua mkono.

"Mdogo wangu," akasema. "Alipelekwa vitani Asia. Hatukuletewa kitu, hata kofia. Mama yetu alikufa akisema ufunguo uwekwe chini ya kopo la maua. Bado upo hapo. Mimi ndiye naufuta kutu."

Kisha mwanamke mmoja, mnene, mwenye mkoba mapajani, akainua mkono wake nusu, akaushusha, akauinua tena.

Janelle aliiegemeza ramani ukutani, akavuta kiti, akakaa. Kikao kilikwisha giza limeingia, na ramani haikufunguliwa.